Mwosha na Dalali: Mwili wa Mwanamke mbele ya Kamera

Kengeja, kijiji cha kusini mwa kisiwa cha Pemba katika Wilaya ya Mkoani, hakihesabiwi miongoni mwa mahali palipojengewa nyumba za sinema. Nyumba hizo zilikuwa mjini Unguja, na kwa upande wa Pemba zikawa Chake Chake na Wete, hata mtu wa kusini aliyetamani kuwatazama Raj Kapoor na Nargis, nyota wa filamu za Kihindi, ilimpasa afunge safari, au aridhike na gari la serikali lililozunguka vijijini kutandaza kitambaa cheupe kiwanjani na kuonyesha picha za kilimo, afya na sherehe. Nimekichagua kijiji hiki kwa makusudi. Swali la kama ni haki au ni dhuluma kumwonyesha mwanamke akiwa uchi katika filamu za maana, yaani zile zinazotungwa kwa nia ya kuzindua akili na kuamsha huruma, limejadiliwa kwa muda mrefu Paris, London, Bombay na Hollywood, na katika mjadala huo watu wa vijiji kama Kengeja wamewekwa kando kwa dhana kwamba hawana la kusema ila kukataza. Dhana hiyo ni batili. Wana hoja, tena hoja iliyokomazwa na historia nzito, na nia yangu ni kuieleza kwa kuifuata historia hiyo tangu soko la watumwa hadi zama zetu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ada za mwambao na visiwa vyake hazikupata kuukana mwili wala kujidai kwamba haupo. Mtoto huzaliwa mikononi mwa mkunga; mwari hufundwa na somo wake, na katika unyago kungwi humweleza mambo ya ndoa kwa uwazi ambao ungewashangaza wale wanaodhani kuwa wavaao buibui ni watu wasiojua; mgonjwa humfunulia tabibu palipo na maradhi; na mwanadamu anapofikiwa na siku yake ya mwisho, mwosha humwosha na kumtayarishia safari. Wote hawa wamepewa rukhsa ya kuona yale ambayo wengine hawaruhusiwi kuyaona, lakini rukhsa hiyo imezungushiwa masharti ambayo kila mtu wa Kengeja anayajua pasi na kusomeshwa. Sharti la kwanza ni haja: hafunuliwi mtu ila kwa jambo ambalo haliwezi kutimia pasi na kufunuliwa. La pili ni kadiri: hufunuliwa kile tu ambacho haja inakidai, hata maiti huoshwa chini ya shuka, na mwanamke huoshwa na wanawake wenziwe. La tatu ni radhi ya mwenye mwili, au ya watu wake ikiwa yeye mwenyewe hana tena ulimi. La nne ni amana: aonaye hatoki akaenda kusimulia barazani wala kujipatia kwa alichokiona fedha au sifa. Wahenga waliposema kuwa aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, waliusifu ujuzi wa mwosha na papo hapo wakamtwika mzigo wa ujuzi huo.

Sasa tumwangalie mtu wa pili, aliye kinyume cha mwosha kwa kila sifa, naye ni dalali wa soko la watumwa. Mwaka 1811 Kapteni Smee, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa na serikali ya Bombay, alifika Unguja na kulishuhudia soko, akaandika jinsi watumwa walivyopangwa safu, wakapambwa, wakatembezwa, na jinsi wanunuzi walivyowakagua wanawake hadharani kwa macho na kwa mikono kana kwamba hawana roho. Biashara hiyo iliendelea kwa zaidi ya nusu karne baada yake. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuinusuru kwa kiasi kikubwa ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi, na mashamba yake yakawa na kiu ya mikono ya kuchuma. Mkataba aliotia saini Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko na kukataza kusafirisha watumwa baharini, lakini mtumwa aliyekwisha kuwa shambani alibaki mtumwa hadi amri ya mwaka 1897. Na hata amri hiyo haikuwagusa masuria, wanawake ambao miili yao ilihesabiwa kuwa milki ya nyumba, wakangojea hadi mwaka 1909. Msomaji azingatie mpangilio huo: wa mwisho kabisa kupewa uhuru kisheria alikuwa mwanamke ambaye kazi yake haikuwa jembe wala kapu la karafuu, ila mwili wake.

Walipopata uhuru, wanawake wale na binti zao walifanya nini? Walijifunika. Enzi za utumwa mjakazi alivaa kaniki au merikani, nguo duni iliyomtangaza hadhi yake kwa mbali, na kujitanda kichwa na mabega kulikuwa ni fahari ya waungwana asiyoruhusiwa kuigusa. Katika miongo iliyofuata ukombozi kanga zikaenea, zikiwa na rangi na nakshi za kila namna, kisha buibui likavaliwa na mabinti wa waliokuwa wajakazi sawasawa na mabinti wa mabwana, na kila aliyejitanda akawa anatoa kauli iliyoeleweka na wote waliomwona, kwamba yeye si wa kukaguliwa tena. Mtazamaji wa leo anayeliona vazi hilo akadhani ni alama ya kutawaliwa ameusoma ukurasa mmoja na kuuacha uliotangulia. Kwa kizazi kile, kuwa na nguo ya kujisitiri na kuwa na haki ya kujisitiri vilikuwa ni sehemu ya uhuru wenyewe, na Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa, aliufikisha ushahidi huo mbali kuliko mwengine yeyote: mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizousambaza ufundi wake mwambao mzima, na alipoimba mbele ya watu alikuwa amejitanda. Alitoa sauti yake kwa hiari, akaizuia sura yake kwa hiari, na sanaa yake haikupungua hata chembe.

Kamera ilifika visiwani katika zama hizo hizo, na kwa bahati mbaya wengi walioishika walirithi jicho la dalali. Wapiga picha wenye asili ya Goa, akina A. C. Gomes na J. B. Coutinho, walikuwa na studio mjini Unguja, na pamoja na picha za familia na za wakuu wa nchi walizochukua kwa ustadi, zilitoka pia kadi za posta za wanawake wa Kiafrika, baadhi yao vifua wazi, chini yake pameandikwa maneno kama vile mrembo wa Kiswahili, pasi na jina la mtu. Kadi hizo ziliuzwa kwa abiria wa meli na kupelekwa Ulaya kwa stempu ndogo. Aliyepigwa picha hakujulikana alikuwa nani, wala hakuwa na njia ya kujua picha yake ilitua mezani kwa nani. Huko Marekani nako, jarida la National Geographic lilianza mwaka 1896 kuchapisha picha za wanawake wa Kiafrika walio vifua wazi, kwa hoja ya elimu, wakati ambapo mwanamke wa Kimarekani akipigwa picha namna hiyo angehesabiwa kuwa amevunjiwa heshima na mpiga picha angefikishwa mahakamani. Basi hoja ya umaana, hii inayotumiwa leo kuhalalisha uchi katika filamu, haikuanza na filamu. Ilianza na watu wetu, na ilianza ikiwa na mizani miwili.

Mizani hiyo miwili iliingia katika sinema bila kupunguzwa. Mjini Unguja picha za kutembea zilianza kuonyeshwa hemani mwanzoni mwa karne ya ishirini, na miongoni mwa waanzilishi wa biashara hiyo alikuwa Hassanali Adamjee Jariwalla. Mwaka 1921 ikafunguliwa nyumba ya sinema ya Royal, iliyokuja baadaye kuitwa Majestic. Watawala wa Kiingereza walijiwekea wakaguzi wa picha, na katika makoloni yao yote hofu iliyowashughulisha sana ilikuwa kwamba Mwafrika angemwona mwanamke wa Kizungu akiwa nusu uchi, akicheza dansa au akibusu, na heshima ya utawala ikaporomoka. Hofu hiyo haikuwahusu wanawake wa Kiafrika. Hollywood ilipojitungia kanuni zake za maadili na kuanza kuzitekeleza kwa ukali mwaka 1934, ikakataza uchi katakata, kisha ikaacha mlango wazi kwa wenyeji wa nchi za mbali waliopigwa picha kwao. Filamu ya Kiingereza ya Sanders of the River, ya mwaka 1935, ambayo Paul Robeson alikuwa mwigizaji mkuu na ambayo Jomo Kenyatta alionekana ndani yake akiwa miongoni mwa waigizaji wadogo, ilichanganya maigizo ya studio na picha za ngoma zilizochukuliwa Afrika, zenye wanawake vifua wazi, na wakaguzi wa London hawakuona ubaya wowote. Robeson mwenyewe alikuja kuikana filamu ile. Wale waliocheza ngoma hawakuulizwa wala hawakujua kwamba miili yao ilikuwa imegeuzwa pambo la hadithi ya kuusifu ukoloni.

Na watazamaji wa visiwani, je, walitaka nini? Historia ya nyumba za sinema za Unguja na Pemba inatoa jibu bayana: walitaka kwenda na jamaa zao. Sinema ilikuwa ni matembezi ya mume na mke, ya mama na binti zake, ya mashoga waliopakana wanja na kutia asumini. Yaliwekwa maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, ambayo yalijaa hata waliokuwa hawatoki ovyo wakapata pa kwenda. Filamu za Kihindi ndizo zilizopendwa kupita zote, na Awaara ya mwaka 1951 iliwaliza na kuwafurahisha watu ambao hawakuwa wakikijua Kihindi ila kwa nyimbo. Katika filamu hiyo mahaba ya Raj Kapoor na Nargis yalikuwa ni moto, lakini moto ulionyeshwa kwa macho, kwa wimbo na kwa upepo wa usiku, na hakuna aliyetoka akidai kwamba hakuelewa kuwa wale wawili wanapendana. Raj Kapoor huyo huyo, alipotengeneza Satyam Shivam Sundaram mwaka 1978 na Ram Teri Ganga Maili mwaka 1985, alimsimamisha Zeenat Aman, kisha Mandakini chini ya maporomoko ya maji, wakiwa katika nguo zilizofichua zaidi ya zilivyoficha, akasema kwamba anatafuta uzuri wa roho na utakatifu wa mto. Kazi hizo ziliuza tiketi nyingi. Mimi naona kwamba mtu aliyekwisha kuthibitisha uwezo wa kueleza mahaba pasi na kumvua mtu nguo amejinyima mwenyewe udhuru wa kusema kwamba sanaa ilimlazimisha.

Hapa yafaa nisimame kidogo, maana msomaji mwenye insafu anaweza kudhani kwamba nataka kuitetea amri ya kuwafunika wanawake kwa nguvu. Hasha. Historia yetu inashuhudia kwamba mwili uliofunikwa vema unaweza kunyang'anywa hiari yake sawa na uliofunuliwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 wasichana wa Dar es Salaam wakasakwa mabarabarani kwa sababu ya sketi fupi na nywele za bandia, wengine wakapigwa na kuchaniwa nguo na makundi ya wanaume yaliyojiita walinzi wa utamaduni. Yaani ili kulinda heshima ya mwanamke, wakamvua nguo hadharani. Zanzibar nayo baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 iliweka masharti yake ya mavazi, na utawala huo huo, mwezi wa Septemba 1970, uliwaoza kwa nguvu wasichana wenye asili ya Kiajemi wasioridhia ndoa hizo. Aliyeifuta radhi ya binti hawezi kusema kwamba amemsitiri kwa kumvika nguo. Stara inayostahiki jina lake hutoka kwa mwenye mwili mwenyewe, na mlezi wake wa kweli ni uwezo wa kusema hapana na neno hilo likasikilizwa.

Kutoka hapo tunaweza kuziendea filamu za maana za dunia na kuziuliza maswali ya mwosha. Mwaka 1933 ilitoka filamu ya Ekstase ya Gustav Machatý, iliyosifiwa na wengi kwa usanii wake, ambamo Hedy Kiesler, aliyejulikana baadaye kwa jina la Hedy Lamarr, alionekana akiogelea na kukimbia uchi; alipoiigiza hakuwa ametimiza miaka 18, na alisimulia baadaye kwamba alihadaiwa kuhusu umbali wa kamera. Mwaka 1972 Bernardo Bertolucci alitengeneza Last Tango in Paris, ikahesabiwa na baadhi ya wahakiki kuwa kilele cha sinema ya kisasa. Maria Schneider alikuwa na umri wa miaka 19, Marlon Brando akikaribia 50, na katika tendo moja la kumnajisi mhusika wake wanaume wale wawili walipanga jambo la udhalilishaji wasilomwambia mapema. Bertolucci alikiri mwaka 2013 kwamba alitaka kuiona fedheha ya msichana, si maigizo ya mwigizaji. Schneider aliishi na jeraha hilo hadi alipofariki mwaka 2011. Neno la Bertolucci ndilo ufunguo wa mjadala mzima, kwani limefichua imani ambayo wengi wanayo na wachache wanaitamka, kwamba ukweli wa mwanamke hupatikana kwa kumvizia. Dalali naye hakumwamini mtumwa wake aliposema kuwa mzima; alitaka kujionea.

Mfano wenye mafunzo makubwa zaidi umetoka India, nchi ambayo sinema yake ndiyo iliyotulea. Mwaka 1994 Shekhar Kapur alitoa Bandit Queen, kisa cha Phoolan Devi, mwanamke wa tabaka la chini aliyenajisiwa na wanaume wa tabaka la juu, akaingia msituni kuwa jambazi, na akakaa gerezani miaka kumi na moja. Katika filamu hiyo mna tendo la kutisha ambamo anatembezwa uchi mbele ya kijiji kizima hadi kisimani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya India, ambayo mwaka 1996 iliamua kwamba filamu ionyeshwe, kwa hoja kwamba uchi ule haumwamshii mtazamaji matamanio, unamtia huruma kwa aliyetendwa na karaha kwa waliotenda. Nakubali kwamba hoja hiyo ni nzito na majaji walisema kweli kuhusu mtazamaji. Lakini Phoolan Devi alikuwa hai. Alikuwa ametoka gerezani mwaka ule ule wa 1994, akapinga mahakamani kuonyeshwa kwa filamu iliyouanika unajisi wake bila ya radhi yake, na mwandishi Arundhati Roy akasimama kumtetea kwa swali zito: nani amempa mtu ruhusa ya kuigiza upya kunajisiwa kwa mwanamke aliye hai asiyetaka? Jambo lake na watengenezaji likamalizwa kwa malipo. Seema Biswas, aliyeigiza nafasi yake, hakuutoa mwili wake kwa tendo lile; ulitumika mwili wa mwanamke mwengine, ambaye jina lake halikutajwa zaidi ya majina ya wale wa kwenye kadi za posta za Unguja. Mahakama ilipima moyo wa mtazamaji, ikausahau moyo wa mwenye kisa.

Uchi katika filamu unaweza kuwa na haki, nami siogopi kulisema hilo mbele ya watu wa Kengeja, maana naamini watalielewa haraka kuliko wengi. Katika Schindler's List ya Steven Spielberg, ya mwaka 1993, wafungwa wa Kiyahudi wanakimbizwa uchi mbele ya madaktari wa Kinazi wanaochagua nani aishi na nani afe, na wanawake wanavuliwa nguo na kunyolewa nywele kabla ya kusukumwa katika ukumbi wa mabomba wasiojua kama litatoka maji au mauti. Wakaguzi wa Ufilipino walitaka baadhi ya vipande vikatwe, Spielberg akakataa, hata Rais Fidel Ramos akaingilia kati na filamu ikaonyeshwa nzima; Malaysia nayo ilikuwa na mgogoro wa namna hiyo. Kile kinachoonyeshwa pale ni dalali akiwa kazini. Kamera imemgeukia mkaguzi na kumshitaki, na anayetazama haalikwi kuungana naye. Zaidi ya hayo, wenye kisa walikuwapo: walionusurika walishiriki, na mwisho wa filamu wanaonekana wakiweka mawe juu ya kaburi la Oskar Schindler, wao na waigizaji waliowaigiza. Palikuwa na haja, palikuwa na kadiri, palikuwa na radhi ya watu wa maiti, na amana ikatunzwa. Ndiyo kazi ya mwosha.

Afrika nayo imetoa pande zote mbili za mizani. Souleymane Cissé wa Mali, katika Yeelen iliyopata tuzo ya majaji huko Cannes mwaka 1987, alimwonyesha mama akiwa majini, kifua wazi, akijimiminia maziwa na kuomba dua kwa ajili ya mwanawe. Na kwa kuwa mwongozaji alimtazama kwa taadhima anayostahiki mama aliye katika ibada, hata mtazamaji aliyelelewa katika mila nyingine hulazimika kuinamisha moyo. Miaka miwili kabla yake Désiré Écaré wa Côte d'Ivoire alitoa Visages de femmes, yenye tendo refu la mapenzi mtoni. Nchini mwake ikapigwa marufuku kwa muda, nje ikashangiliwa, na Waafrika wengi wakajiuliza kwa haki kama tendo lile lingerefushwa kiasi kile lau mtazamaji aliyekusudiwa angekuwa mwanamke wa Abidjan badala ya mtu wa tamasha la Ulaya. Swali hilo la mtazamaji aliyekusudiwa linatuhusu sana, kwa sababu ndilo lililopaswa kuulizwa juu ya filamu ya Wataliano, Africa Addio ya mwaka 1966, iliyojiita ya maana na ya ukweli, na ambayo iliwapiga picha kutoka angani Wazanzibari waliokuwa wakiuawa na waliokuwa wamekwisha kuuawa mwezi wa Januari 1964. Maiti wale hawakuwa na mwosha; walikuwa na kamera iliyopita juu yao, ikachukua ilichotaka na kwenda zake.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Sehemu kubwa ya uchi wa wanawake katika filamu zinazojiita za maana ni dhuluma, na umaana wake ni vazi alilovaa dalali ili asitambuliwe sokoni. Dalili ziko wazi kwa anayetaka kuziona: mwanamke huvuliwa na mwanamume hubaki na suruali, kijana huvuliwa na mtu mzima huvikwa, mwigizaji mchanga asiye na nguvu huambiwa siku ya kazi jambo ambalo hakuambiwa siku ya mkataba, na tendo hukaa muda mrefu kuliko hadithi inavyolihitaji. Tangu mwaka 2018 makampuni makubwa ya Marekani yameanza kuajiri wasimamizi maalumu wa matendo ya faragha, ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba mwigizaji amejua, ameridhia, na anaweza kughairi. Hatua hiyo inasifiwa kuwa ni uvumbuzi, nami naisifu, ila masharti yake hayana lolote ambalo mkunga wa Kengeja hakulijua zamani.

Kwa upande wetu, kazi haijamalizika. Nyumba za sinema za visiwani zimefungwa karibu zote, zikafuatwa na vibanda vya video, kisha simu ikaingia katika kila mfuko, hata kijana wa Kengeja sasa anaweza kuona usiku mmoja mambo ambayo wakaguzi wa zamani wasingeyapitisha kwa karne nzima. Bodi ya filamu ya Kenya iliizuia The Wolf of Wall Street mwaka 2014 na Fifty Shades of Grey mwaka 2015, na waliotaka kuziona waliziona. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza kuonyesha mwaka 1998 katika Ngome Kongwe na ambalo limepeleka picha zake hadi vijijini Unguja na Pemba, limetuonyesha kwamba watu wa vijijini ni watazamaji kamili wenye rai zao; na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, lina mamlaka ya kukagua kazi zinazotengenezwa na kuonyeshwa Zanzibar. Ombi langu kwa vyombo hivyo ni kwamba mkaguzi asianze kwa kupima inchi za ngozi. Aanze kwa kumwita mwigizaji, peke yake, mwongozaji akiwa nje, amuulize kama alijua, kama aliridhia, kama angeweza kukataa na bado akalipwa ujira wake. Kisha aulize kama mwenye kisa, akiwa hai, ameulizwa, na kama ni maiti, watu wake wameulizwa. Wanawake wa kijiji, wakunga na waosha miongoni mwao, wakae katika meza hiyo ya ukaguzi wakiwa na kura, kwani hakuna chuo cha sinema kilichowahi kuwafunza wanafunzi wake wajibu wa aonaye kama unavyofunzwa katika vyumba vyao.

Mwenye kupita katika maswali hayo aonyeshe kazi yake, nasi tuitazame kwa adabu inayostahiki. Asiyeweza kupita asijifiche nyuma ya jina la sanaa, kwa kuwa visiwa hivi vilikwisha kumjua mtu wa namna yake kabla ya kamera kuvumbuliwa, na vilihitaji mkataba wa mwaka 1873, amri ya 1897 na ile ya 1909 ili kumwondolea rukhsa. Watu waliolipa thamani hiyo kwa ajili ya haki ya mwanamke kuamua nani amwone wana haki ya kudai kwamba filamu ya maana ianze na maana ya mwanamke aliyemo ndani yake.